Mnatupa Mzee Wenu, Mnanunua Mzee wa Wengine

Kuna neno moja linalosemwa sana siku hizi katika miji yetu ya Katanga, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi. Frigo ikianza kunguruma, televizio ikichelewa kuwaka, pasi ikikataa kupata moto, mara mtu wa nyumbani anasema: «Kimezeeka hicho. Tupa, tununue kingine.» Wengine wote wanaitikia, vijana hasa, kwa sababu wanaona haya mgeni akiingia na kukuta chombo cha zamani. Sisi twasema: ngojeni kwanza. Neno hili linapita midomoni kama neno la akili, kumbe ndani yake mna udanganyifu, tena udanganyifu wa bei kali.

Udanganyifu uko wapi? Uko katika lile neno «kingine». Tumfuate huyo baba anayetoka nyumbani na dola zake mfukoni, pengine amezikusanya kwa miezi sita. Haendi katika magazini ya vitu vipya, maana bei ya huko haiwezi. Anakwenda kwenye uwanja wa vitu vya okazio. Pale frigo zimepangwa mstari, zimeoshwa kwa sabuni, zinang'aa kama meno ya bibi arusi. Zimetoka Ulaya ndani ya kontena, zikashuka Dar es Salaam au Durban, zikapita Kasumbalesa. Mwenye duka anasema: «Hii ni ya Ulaya kabisa, baba, haifi leo.» Baba analipa, anakodi mkokoteni, anarudi nyumbani kwa shangwe. Amenunua nini? Amenunua mzee. Mzee ambaye hajui umri wake, wala maradhi yake, wala sababu iliyomfanya mwenyewe wa kwanza amfukuze nyumbani. Na yule mzee wake mwenyewe, aliyemjua tangu siku ya kwanza, aliyekuwa na ugonjwa mmoja tu, amemwacha kwa mnunuzi wa vyuma kwa bei ya mikate michache.

Mtu asituambie kwamba haya ni mambo madogo ya jikoni. Katika mitaa yetu frigo si pambo. Mama anauza maji ya baridi, anauza barafu, anatunza samaki wa kuuza kesho; kwa fedha hiyo watoto wanakwenda shuleni. Frigo ikifa mwezi wa kumi, wakati jua linapochoma na mvua haijaanza, ni duka la mama lililofungwa. Akinunua mzee mwingine anayekufa baada ya wiki nane, fedha ya shule imekwenda na chombo, na deni linabaki. Nyumba ngapi twazijua zilizonunua frigo tatu katika miaka mitano? Kwa jumla ya fedha hiyo wangaliweza kununua moja mpya, au kumlipa fundi mwaminifu mara nyingi.

Wengine watatujibu kwa hesabu. Watasema: «Katika nchi za wenzetu iko kanuni: bei ya kutengeneza ikipita nusu ya bei ya kununua, usitengeneze.» Kanuni hiyo twaijua, wala hatuidharau. Lakini tazameni ilikozaliwa. Ilizaliwa katika nchi ambamo saa moja ya fundi ni ghali mno, na ambamo kinachonunuliwa ni kipya, chenye karatasi ya dhamana ya miaka miwili. Huku kwetu saa ya fundi ni rahisi, na kinachonunuliwa hakina dhamana, au kina dhamana ya maneno matupu inayokwisha mkokoteni ukipinda kona. Hesabu ya haki haipimi mzee kwa kijana. Inapima mzee unayemjua kwa mzee usiyemjua. Pimeni hivyo, mtaona kwamba mara nyingi hata kutengeneza kwa zaidi ya nusu bado ni faida.

Tena, frigo nyingi zinazotupwa hazijafa. Hebu tueleze kidogo, maana anayejua kazi ya chombo chake hadanganywi upesi. Nyuma ya frigo, chini, mna kitu cheusi mfano wa chungu kilichozibwa. Ndiyo kompreseri, moyo wa frigo. Ndani yake mna mota iliyozungushiwa nyuzi. Mota husukuma gesi katika mirija. Gesi ikipita ndani inachukua joto la vyakula, ikipita nyuma inalitoa nje. Ubavuni mwa moyo huo mna kidude cha kuianzisha mota, nacho huitwa rele. Rele ikiungua, frigo inakaa kimya, au inalia «tik», inanyamaza, na baada ya dakika chache inalia tena «tik». Mtu asiyejua anasema moyo umekufa. Kumbe kilichokufa ni kidude kinachoenea katika kiganja cha mtoto, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya frigo.

Au ugonjwa ni mpira wa mlango. Mpira ukikauka na kupasuka, baridi inatoka usiku na mchana, mota haipumziki hata kidogo, na watu wanasema frigo imezeeka. Chukueni kipande cha karatasi, kibaneni mlangoni, kivuteni. Kikitoka bila kushikwa, mmekwisha kuupata ugonjwa, na hamkulipa mtu franka hata moja. Au ni vumbi. Ile mirija ya nyuma inapaswa kupata hewa. Lakini kwetu inavaa vumbi na utando wa buibui kama mzimu, na frigo imesukumwa ukutani mpaka haipumui. Kisha kuna lile kosa la kisu. Barafu imejaa ndani, mtu ana haraka, anachukua kisu cha jikoni na kukwangua. Kisu kinatoboa bati jembamba la alumini, gesi inatoka kwa mlio kama wa nyoka, na hapo kweli moyo mzima unabaki ndani ya maiti. Zimeni frigo, fungueni mlango, acheni barafu iyeyuke yenyewe. Asubuhi moja tu yatosha.

Lakini muuaji mkubwa wa vyombo vyetu si kisu wala uzee. Ni umeme unaokwenda na kurudi. (Kosa la umeme huo ni la nani? Ugomvi huo tutaufanya siku nyingine.) Umeme ukishuka toka volti 220 mpaka 160, mota inashindwa kuanza, nyuzi zake zinapata moto, na ngozi yao inaungua kidogo kidogo. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo ni vibaya zaidi, maana gesi bado imesongamana katika mirija na mota inalazimishwa kusukuma mlima. Basi umeme ukikatika, chomoeni waya. Ukirudi, ngojeni dakika tano kabla ya kuchomeka. Regulateri ya kusawazisha umeme ina gharama, twajua. Lakini ni ajabu kumwona mtu aliyenunua frigo tatu akisema hana fedha ya regulateri moja. Na wakati wa mvua, radi za Katanga zikianza kupiga, televizio na radio zichomolewe zote, na waya wa antena pia.

Tuje kwa mafundi, maana hapo ndipo wasomaji wengi wanapotukatiza. «Mafundi ni wezi,» wanasema. «Unampa radio yenye ugonjwa mmoja, anakurudishia yenye magonjwa matatu, na vyombo vizima vya ndani vimehamia katika radio ya mtu mwingine.» Wako wa namna hiyo, hatuwafichi. Lakini mwizi anapewa nafasi na nani? Mtu anaacha chombo kwa fundi wiki tatu, haulizi kimefunguliwa lini, halafu analia. Kaeni pale kinapofunguliwa. Mwambieni fundi akuonyeshe kilichoharibika, na kile kibovu akurudishie mkononi. Akikataa, chukueni chombo chenu mwende kwa mwingine. Naye fundi mzuri, lipeni bei yake bila kumpunja mpaka machozi yamtoke; akifunga kibanda chake kwa njaa, mtakwenda kwa nani?

Na liko jambo moja la gesi ambalo twataka lijulikane katika kila nyumba. Gesi ya frigo haiishi kama mafuta ya taa. Haichomwi, hainywewi. Imefungiwa katika mirija toka siku ya kwanza, na mirija ikiwa mizima itabaki humo miaka 20 na zaidi. Basi fundi anayekuja kila baada ya miezi mitatu «kuongeza gesi», analipwa, anakwenda zake, huyo hatengenezi. Anawauzia gesi ileile mara nne kwa mwaka. Gesi imepungua kwa sababu kuna tundu. Tundu litafutwe kwa povu la sabuni, lizibwe, ndipo gesi itiwe.

Hapa pia wajihadhari mafundi wenyewe. Frigo za zamani zilitumia gesi iitwayo R12, ambayo iliharibu ile ozoni inayotukinga na jua kali. Mataifa yalipatana Montréal mwaka 1987 kuiacha. Ulaya iliacha kuitengeneza kwa kuanza mwaka 1995, na nchi kama zetu zilipewa mpaka mwaka 2010. Ikaja R134a, nayo ikaonekana yaongeza joto la dunia, hata mwaka 2016 mataifa yakapatana Kigali, hapa jirani, kuipunguza pole pole pamoja na gesi za jamaa yake. Frigo nyingi za sasa zina R600a, nayo ni ya namna ya gesi ya kupikia: inawaka moto. Inatiwa kwa gramu chache tu, mara nyingi chini ya 100, yaani kwa mizani ndogo, si kwa kukisia. Fundi anayechomelea mirija ya R600a kwa moto bila kuitoa gesi kwanza, tena katika chumba kilichofungwa, anacheza na mwili wake.

Sasa mtauliza: mwenye duka na fundi tumewaona, na yule aliyekiunda chombo je? Naam, naye asamehewe kwa nini? Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa taa za umeme, akina Osram na Philips na wenzao, walikutana Genève katika Uswisi wakafanya chama kilichoitwa Phoebus. Walipatana kwamba taa isipite saa 1,000 za kuwaka, na hali taa nyingi za wakati ule zilikuwa zinafika 1,500 na hata 2,000. Kiwanda ambacho taa zake zilidumu kupita kiasi kilitozwa faini. Someni tena, wasomaji: faini kwa sababu ya kazi njema. Huko Livermore, katika California, iko taa moja katika nyumba ya wazima-moto inayowaka tangu mwaka 1901. Ni kweli inatoa mwanga hafifu tu, kama kibatari, lakini iko. Na mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilipunguza mwendo wa simu zake za zamani, ikasema ilifanya hivyo ili betri zilizochoka zisizizime ghafula. Serikali ya Ufaransa iliitoza euro milioni 25 mwaka 2020, kwa kuwa haikuwaambia wanunuzi. Watu wangapi walikuwa wamekwisha kutupa simu nzima, na dawa yake ilikuwa betri mpya?

Hili latuuma sisi wa Katanga kuliko wengine. Kobalti ya betri hizo, zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, inatoka Kongo, tena hasa upande huu wa Kolwezi na Likasi. Shaba inayozungushwa katika mota za frigo ilichimbwa na baba zetu na babu zetu, wanachimba watoto wetu hata sasa. Inakwenda ng'ambo, inarudi imo katika chombo kilichokwisha kutumiwa na wengine miaka 15. Na katika baadhi ya vyombo vipya vya bei rahisi hairudi hata hivyo: mota yake imezungushiwa alumini badala ya shaba. Mtu wa Kolwezi ananunua mota ya alumini! Wakati huohuo mnunuzi wa Ufaransa analindwa. Sheria ya mwaka 2015 ilifanya kosa la jela kuunda chombo kwa shauri la kukifupishia maisha, na mwezi wa Januari 2021 maduka ya huko yalianza kulazimishwa kuandika juu ya televizio, simu na mashine za kufulia alama, kadiri ya 10, inayoonyesha kama chombo chatengenezeka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa. Vizuri, twawapongeza. Lakini chombo kile kikivuka bahari, alama inabaki ng'ambo, vipuri vinabaki ng'ambo, na haki pia.

Tunajua kwamba ziko sheria juu ya takataka zenyewe. Mataifa ya Afrika yalipatana Bamako mwaka 1991 kukataza taka za hatari zisiletwe Afrika. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa mapatano ya Basel, taka ya vyombo vya umeme haipaswi kuvuka mpaka bila nchi inayoipokea kukubali kwanza. Lakini mwenye kontena ana jibu lake tayari: «Hizi si taka, ni okazio.» Tusibahatishe. Huko Lagos, katika Nigeria, wachunguzi waliofungua makontena mwaka 2015 na 2016 waliona kwamba karibu chombo kimoja katika vitano hakikufanya kazi hata kwa kupimwa juu juu tu. Na mwaka 2022 dunia nzima ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, ambazo hazikufika robo zilizokusanywa na kushughulikiwa kwa taratibu inayojulikana. Nyingine ziko wapi? Mnaziona nyuma ya masoko, vijana wakichoma waya ili kupata shaba, na moshi mweusi ukiingia katika vyumba vya watoto wachanga. Shaba yetu, mara ya pili.

Mtu asidhani twasema chombo kisizikwe kamwe. Pasi ambayo ngozi ya waya wake imekauka na inapiga watu umeme, waya usipobadilishwa, isiguswe tena. Frigo ambayo tundu lake limo ndani ya ukuta, kati ya mabati, mahali mkono wa fundi haufiki, hiyo imekwisha kweli. Na iko frigo isiyopumzika. Usiku nyumba ikinyamaza, tegeni sikio: mota nzima hufanya kazi, hunyamaza, huanza tena. Ikinguruma mpaka alfajiri, na mpira ni mzuri, na vumbi limefutwa, na termostati imebadilishwa, hapo inakula umeme bure, na kuitunza si hekima tena bali ni huruma. Televizio iliyopasuka kioo pia tusipoteze maneno juu yake. Lakini radio? Radio ya zamani ni chombo cha kustahimili sana. Wengi wanaiua wenyewe kwa kuacha ndani mawe ya radio yaliyokwisha, mpaka yanatoa maji makali yanayokula shaba.

Basi, mtu aliyekwisha kushindwa na mzee wake, naye lazima aende uwanjani, asiende kama kondoo. Kila frigo ina kibati au karatasi iliyobandikwa, mara nyingi ndani, ubavuni karibu na sanduku la mboga, au nyuma. Kisomeni kabla ya kuuliza bei. Kikiandikwa R12, frigo ya Ulaya hiyo ina miaka kama 30 au zaidi, hata ikiwa rangi yake ni nyeupe kama maziwa. Kikiandikwa volti 110 au 120, imetoka nchi za umeme mwingine, kama Marekani, na kwenu itaungua siku ya kwanza. Kisha tafuteni herufi za hali ya hewa. N peke yake ni frigo iliyoundwa kwa chumba kisichopita digri 32. T ni ya kufika 43. Lubumbashi iko juu, kwenye mita zaidi ya 1,200, lakini jikoni chini ya bati mwezi wa kumi digri 32 ni asubuhi tu. Na wa Kalemie na Kongolo wenyewe wanajua joto lao.

Kisha semeni na mwenye duka hivi: «Ichomeke mbele yangu. Nitarudi kesho asubuhi nione barafu, ndipo nitalipa.» Atacheka, atasema umeme hauna uhakika, atasema wanunuzi wengine wanangoja. Mwacheni acheke. Anayejua frigo yake ni nzima haogopi usiku mmoja. Mwambieni pia aandike katika karatasi jina lake, tarehe, namba ya chombo, na siku ngapi ataipokea ikiharibika, halafu atie sahihi. Kama wanunuzi kumi wa mtaa mmoja wakidai hivyo katika wiki moja, ya kumi na moja ataiandika bila kuombwa.

Na kama kibati kimebanduliwa, pamebaki gundi tu? Ulizeni nani amekibandua, na kwa sababu gani, tena kwa sauti ambayo wanunuzi wengine wote uwanjani wataisikia.